Picha Haionyeshi Kano

Bwenini, Bungoma
14 Januari 2025

Baba,

Nilifika salama, na sanduku langu pia. Mwalimu wa zamu aliniuliza mbona nimechelewa siku mbili, nikamwambia nilikosa gari Kitale. Nilisema kama ulivyonifundisha na sauti yangu haikutetemeka. Hilo limenitia hofu kuliko kama ingetetemeka.

Naandika wazi kwa sababu namjua Mama. Barua zetu zote hupitia sanduku lake la posta pale Kitale, lakini hafungui bahasha yenye jina la mtu mwingine, hata kama mtu huyo ni wewe.

Baba, goti likoje?

Nikifumba macho narudi shambani. "Asubuhi moja tu," ulisema. "Khaemba ana homa na hakuna mwingine wa kushika kamba. Saa nne utakuwa umeoga, unaenda shule." Nilikuwa mbele na kamba ya maksai, wewe nyuma na plau. Tulikuwa tunakaribia mwisho wa mstari wa sita nilipoona mwanamke barabarani, amefunga kitambaa cha kijani kichwani. Nilidhani ni Mama anarudi kutoka sokoni. Niliogopa aone nilichoshika, kwa hivyo nikawavuta ng'ombe wageuke upesi ili nijifiche nyuma yao. Ulikuwa bado hujainua plau. Mguu wako wa kulia ulikuwa umezama kwenye udongo. Plau ikakuzungusha mwili, mguu ukabaki palepale, na nikasikia mlio kama bua kavu la mahindi linapovunjwa. Yule mwanamke hakuwa Mama. Alikuwa mpita njia tu.

Najua kwa nini ulitaka tuseme kwamba plau ilikugonga ukiwa peke yako. Mama alitolewa darasa la sita kule Ndalu ili ashike kamba ya ng'ombe wa babake kwa msimu mmoja, na hakurudi shule tena. Nilipozaliwa alikuapisha kwamba mimi sitaishika kamba hiyo hata siku moja. Nimeitunza siri. Lakini goti ni lako, na aliyevuta ni mimi.

Niandikie ukweli.

Mtoto wako,
Wacuka

*

Saboti
27 Januari 2025

Kwa Wacuka, mama yangu,

Barua nimepata. Nikikuita mama si utani, wewe ndio umebeba jina la mama yangu, na yeye pia alikuwa mtu wa kuuliza maswali mpaka unachoka.

Goti iko sawa. Siku ile ulienda shule, mama yako alinipeleka kliniki Kitale. Ilikuwa imefura kama malenge. Daktari akauliza, "Mzee, ilikuwaje?" Mama yako amesimama hapo kando na mkoba wake. Nikasema plau ilinigonga. Wakapiga picha ya eksirei, daktari akaiinua kwa mwanga, akasema mifupa yote ni mizima, hakuna ufa hata mmoja. Akanipa tembe na dawa ya kuchua, ati nipumzike wiki mbili. Nimepumzika. Uvimbe umeisha.

Jana nilitembea kutoka hapa mpaka kanisani na kurudi, bila fimbo. Khaemba alikuwa nyuma yangu anacheka. "Gathii, bana, unatembea kama bwana harusi! Si ulikuwa unakwepa kazi tu?" Nikamwambia, "Aliyekuwa na homa siku ya kulima ni wewe, si mimi." Hata pasta alicheka.

Unajua vile tunafanya. Yeye ana maksai wawili na mimi wawili, tukiwaunganisha hata udongo mgumu unakubali. Tunaanza kwake tarehe kumi na saba Februari, halafu tunakuja kwetu. Yeye anashika kamba, mimi nashika plau. Huyo akishika plau mistari inaenda kama nyoka.

Hiyo maneno ya kuvuta wachana nayo. Mtu mzima alisimama vibaya, basi. Wewe soma.

Baba yako,
Gathii

*

Bwenini, Bungoma
2 Februari 2025

Baba,

Ulisema nisome. Nimesoma, na ndiyo sababu naandika tena.

Ijumaa Madam Fridah, mwalimu wetu wa Biolojia, alileta maabara miguu miwili ya mbuzi kutoka jikoni, wa mbele na wa nyuma. Akatuuliza goti liko wapi. Rafiki yangu Nekesa akagusa mguu wa mbele, pale mbuzi anapokunja akitaka kulala. Madam akacheka. "Hapo ni kama kifundo cha mkono wako, Nekesa. Goti lenyewe liko mguu wa nyuma, huku juu karibu na tumbo." Nekesa akasema, "Madam, basi miaka yote mbuzi wetu wamekuwa wakinidanganya." Tulicheka sana. Mimi niliacha kucheka mapema kuliko wenzangu.

Madam aliondoa nyama, akaondoa kifuniko cha goti, akatuita tusogee. Baba, sikujua kwamba mfupa wa paja umekaa tu juu ya mfupa wa muundi. Haujaingia kwenye shimo kama unavyoingia nyongani. Kinachoishika mifupa hiyo miwili isiachane ni kano, yaani kamba nyeupe, ngumu, zinazofunga mfupa kwa mfupa. Mbili ziko kandoni, moja kila upande, na huzuia goti lisipinde kwenda ndani au nje. Mbili ziko katikati kabisa, zimepishana kama herufi X. Ya nyuma huzuia muundi usirudi nyuma. Ya mbele huanzia huko nyuma kwenye paja, hushuka kwa mshazari na kushika mbele ya muundi. Kwa mtu, unene wake haupiti sana wa kidole changu cha mwisho. Kazi yake ni kuuzuia muundi usiteleze mbele, na kuuzuia usizunguke kupita kiasi mwili unapogeuka.

Nekesa alishika paja, mimi nikavuta muundi. Haukusogea. Kisha Madam akaingiza wembe, akaikata ile ya mbele peke yake. "Vuta tena, Wacuka." Nilivuta, na muundi ukanifuata kama droo ya meza.

Halafu akalikunja goti lile lililokatwa na kulinyoosha. Lilikunjika vizuri kabisa. "Mnaona?" akasema. "Ukienda moja kwa moja huwezi kujua kama imekatika. Misuli ya paja inakusaidia. Siku utakayogeuka ndipo utajua."

Baba, ulitembea mpaka kanisani bila fimbo. Barabara ya kanisani imenyooka.

Nilibaki baada ya somo nikamwuliza Madam kama eksirei inaonyesha kano. Alisema hapana, inaonyesha mifupa. Daktari huitambua kwa kulishika goti kwa mikono yake, na kabla ya hapo kwa kusikiliza lilivyoumia. Je, mguu ulikwama na mwili ukazunguka? Je, kulikuwa na mlio? Je, uvimbe ulikuja saa chache baadaye? Yote matatu nayajua. Daktari wa Kitale hakuambiwa hata moja. Alitafuta jeraha la kugongwa kwa sababu ndilo alilosimuliwa.

Nijibu tafadhali. Ukigeuka, goti linakutoroka? Unaliamini unapoteremka kwenda zizini? Usijaribu kugeuka ili upate jibu. Nijibu kwa yale yaliyokwisha kutokea. Kati ya ile mifupa kuna mito midogo kama ya kulalia, ya gegedu, yaani kitu cheupe kinachonepa kama mpira, na kila goti linapotoroka, mito hiyo husagwa. Ikichanika, goti linaweza kukwama, au kuzeeka kabla yako.

Kano ikikatika mara nyingi haishiki tena yenyewe. Lakini Madam anasema kuna mengi ya kufanya ikijulikana mapema. Nalishikilia neno hilo, mapema.

Mtoto wako,
Wacuka

*

Saboti
7 Februari 2025

Wacuka,

Barua ni ndefu. Mwalimu wako anajua mbuzi. Mimi si mbuzi.

Goti ni mzima. Nimeifunga na tyubu ya baiskeli na inashika vizuri sana. Juzi nilianguka kidogo pale zizini nikigeuka na ndoo, lakini ni utelezi tu. Maziwa ndio yalimwagika, mimi sikumwagika.

Ati nirudi kwa daktari niseme mambo mengine. Nani atanipeleka? Mama yako. Nani atasimama hapo kando na mkoba? Mama yako. Nimeishi na yeye miaka kumi na minane na neno langu kwake sijawahi kuvunja, isipokuwa ile asubuhi. Akijua, hataniona tena vile ananiona. Na wewe je, atakuona vipi? Umefikiria hiyo?

Tarehe kumi na saba nashika plau. Khaemba amengoja mimi nipone, hawezi kungoja zaidi.

Usimwandikie mama yako. Hiyo ni neno la baba.

Gathii

*

Bwenini, Bungoma
12 Februari 2025

Baba,

Uliandika kwamba ni utelezi. Linah, ambaye kwao ni Saboti, alitembelewa na babake Jumapili. Anasema mvua haijanyesha huko tangu kabla ya Krismasi na vumbi linafika kwenye vifundo vya miguu. Hukuteleza, Baba. Uligeuka.

Nimepiga hesabu. Khaemba ana ekari mbili. Ukizilima kwa mistari ya hatua mia, utageuka zaidi ya mara mia tatu, na kila mara umeishika plau mikononi. Nilipoliona jibu nilirudia hesabu nikitumaini nimekosea.

Sijawahi kukuasi. Nilikuomba ruhusa, sikuipata, na sasa naomba msamaha wako kabla ya kosa. Leo nimeandika barua mbili. Hii ina jina lako. Nyingine ina jina la Mama. Zitafika kwenye sanduku lake pamoja, na yeye ndiye atakayezitoa.

Kama atakupa hii kabla hajafungua yake, mwambie wewe. Ningependa yangu imkute tayari anajua.

Mtoto wako,
Wacuka

*

Bwenini, Bungoma
12 Februari 2025

Mama,

Bahasha hii ina jina lako. Tafadhali keti kwanza.

Plau haikumgonga Baba. Tarehe sita Januari, siku ya kufungua shule, ulipokuwa sokoni, mimi ndiye niliyeshika kamba ya maksai. Khaemba alikuwa mgonjwa na Baba akaniomba asubuhi moja tu. Niliona mwanamke wa kitambaa cha kijani barabarani, nikadhani ni wewe, nikaogopa. Nikawavuta ng'ombe kabla ya wakati wao ili nijifiche nyuma yao. Mguu wa Baba ulikuwa umekwama kwenye udongo, mwili wake ukazungushwa, na goti likatoa mlio. Tulikubaliana kukudanganya. Baba alikuwa analilinda neno alilokupa, na alikuwa ananilinda mimi.

Nikasirikie, lakini nakuomba unikasirikie baadaye. Kwanza mzuie asishike plau Jumatatu, hata kama anakwambia amepona. Anaweza kutembea na kwenda kanisani, na kuchuchumaa pia. Kugeuka ndiko hawezi, na kulima ni kugeuka. Kisha mpeleke kwa daktari wa mifupa, na asimweleze daktari habari ya kugongwa. Amwambie mguu ulibaki na mwili ukaenda. Amwambie kuhusu mlio. Amwambie goti lilifura kabla ya chakula cha mchana, na kwamba sasa anaanguka akigeuka.

Nadhani imekatika kano ya mbele iliyo katikati ya goti, kama ile tuliyoonyeshwa shuleni kwenye mguu wa mbuzi. Mimi ni mwanafunzi tu na naweza kuwa nimekosea. Ningefurahi sana kukosea.

Mtoto wako,
Wacuka

*

Kitale
19 Februari 2025

Wacuka,

Nilizitoa barua zako Jumatatu saa tatu, ile yenye jina la babako nikaitia mkobani bila kuifungua. Uliniambia niketi. Yangu niliisoma nikiwa nimesimama pale kibandani kwangu sokoni, halafu nikaketi. Jerono wa kibanda cha pili akaniuliza, "Mama Wacuka, nani amekufa?" Nikamjibu, "Bado." Nikamwachia nyanya zangu, nikachukua pikipiki mpaka Saboti.

Walikuwa wameanza tangu alfajiri. Nilifika kwa Khaemba upande wa chini wa shamba, nikawaona wanakuja, maksai wanne, Khaemba mbele, babako nyuma amefunga tyubu juu ya suruali. Zilikuwa zimebaki kama hatua ishirini wafike mahali pa kugeukia. Nikapiga kelele, "Khaemba! Simamisha!" Naye akacheka. "Mama, hata chai hujaleta, unataka tusimame?" Akaendelea kuja. Zikabaki hatua kumi. Nikaingia mbele ya ng'ombe. Ng'ombe ndio walionielewa.

Babako aliniangalia, akaangalia bahasha mkononi mwangu. Hakuuliza inasema nini. Uso wake ulikuwa umejaa jasho, na asubuhi ilikuwa bado na baridi ya mlima. Akasema, "Imetoroka mara mbili tangu tuanze." Khaemba akaacha kucheka. "Gathii, si uliniambia ni mawe?" Tulimshika huku na huku tukamtoa shambani. Hapo ndipo nilipompa barua yake. Hakuisoma mbele yetu.

Jana tulimwona daktari mwingine, wa mifupa, msichana mdogo anaitwa Nakhumicha. Akauliza swali lile lile, "Mzee, ilikuwaje?" Babako akaangalia ukuta. Barua yako ilikuwa mkobani mwangu. Ningeweza kuitoa, sikuitoa. Nilitaka asikie sauti yake mwenyewe. Tulikaa hivyo hadi daktari akaweka kalamu chini.

Mwishowe akasema, "Mtoto wangu alikuwa ameshika kamba. Mimi ndiye nilimwambia ashike." Macho yake yalikuwa bado ukutani. Kisha yakatoka yote, kukwama na mlio na zizi. Kumbe ameanguka mara saba. Mimi nalala naye kitanda kimoja na nilijua moja tu.

Daktari akamlaza, akamkunja goti, akakalia unyayo wake kidogo na kuuvuta muundi kwa mikono miwili. Alianza na mguu mzuri. Ulikataa kusogea. Huu mwingine ulimfuata. Niliuona kwa macho yangu, nikakumbuka nyama ya mbuzi niliyokata maisha yangu yote bila kujua kilichokuwa ndani.

Kano imekatika, na anadhani mto mmoja wa gegedu umechanika pembeni. Anataka picha ya aina nyingine, ya Eldoret, inayoonyesha vitu laini. Hajasema operesheni. Anasema wako watu wanaoishi bila kano hiyo, kama misuli ya paja itafanya kazi kwa niaba yake na kama hawageuki na mzigo. Wiki sita za mazoezi, halafu ataamua. Plau, msimu huu hapana. Misimu inayofuata hakutaka kuisemea. Nilimwuliza kama angezimaliza zile ekari mbili ingekuwaje. Akasema, "Mama, tushukuru hakuzimaliza."

Sasa mimi. Nimekasirika, na sitakuficha. Nimekasirikia wiki sita za kudanganywa mezani kwangu, na mlo wangu mnakula. Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba uliona kitambaa cha kijani barabarani ukaogopa hivyo. Nililisoma neno hilo mara nyingi kuliko maneno ya goti. Nilitaka uichukie kamba. Sikutaka uniogope mimi. Sikujua nimekuwa mtu ambaye binti yake humkimbia nyuma ya ng'ombe.

Hilo tutaliongea ukija mapumziko ya katikati ya muhula, tukiwa wawili. Sitapiga kelele. Kama nikipiga, niambie.

Mama yako,
Nyambu

*

Saboti
22 Februari 2025

Wacuka, mama yangu,

Jumatatu yote nilikukasirikia. Nilisema, huyu nilimpa neno la baba na amelikanyaga. Jumanne daktari akavuta mguu, nikauona unaenda peke yake kama si wangu. Hasira ikaisha, ukaingia woga. Huo woga bado niko nao. Nakuambia kwa sababu umenitaka niandike ukweli.

Ukweli mwingine ni huu. Nilijua. Zizi lilikuwa kavu. Kila nikitaka kugeuka nilikuwa nasimama kwanza, nasogeza miguu kidogo kidogo kama mtu amebeba mayai, nikiangalia kama mama yako ananiona. Shambani huwezi kufanya hivyo, ng'ombe hawangoji. Nilijua hiyo pia, na bado nilishika plau.

Khaemba amechukua plau, na Kimotho wa jirani anamshikia kamba. Nimewekewa kiti pembeni. Mistari sitaki hata kueleza. Jana nilimwambia, "Khaemba, hapo unalima au unaandika jina lako?" Akasema, "Wewe nyamaza, mgonjwa." Kwetu watakuja Alhamisi. Sijui kama nitashika plau tena. Nimeandika hiyo nikaiangalia, na bado sijui.

Umesema ulitaka kukosea. Hukukosea, na sitaki ubebe ile asubuhi. Mimi ndiye nilikuita shambani. Daktari ameandika hivyo kwa faili, kwa maneno yangu.

Mazoezi ni ya kulala chali, kunyoosha mguu, kukaza paja, kuinua, kushikilia, kushusha pole pole. Kumi na tano asubuhi, kumi na tano jioni. Inaonekana kazi ya mtoto, lakini ya nane ikifika paja linatetemeka kama majani. Mama yako hajanisemesha tangu tutoke kwa daktari, isipokuwa kuhesabu. Anaketi ukingoni mwa kitanda, anaangalia goti, haangalii uso. Moja. Mbili. Tatu. Akifika kumi na tano anainuka, anachukua mkoba, anaenda Kitale.

Leo asubuhi alifika kumi na tano, hakuinuka. Nikangoja. Mguu ulikuwa umechoka na nilikuwa nimeshaushusha.

Akasema, "Kumi na sita."

Nikauinua.

Baba yako,
Gathii